Hofu ya Mzazi Katika Riwaya ya Kichwamaji

Mtoto azaliwapo, swali la kwanza la jirani huwa ni hili: mama na mtoto hawajambo? Euphrase Kezilahabi, katika riwaya yake ya Kichwamaji iliyotolewa mwaka 1974, alilichukua swali hilo la heri akaligeuza kuwa swali la hofu. Katika makala hii tutajaribu kuonyesha jinsi alivyofanya hivyo, na mahali ambapo, kwa maoni yetu, kalamu yake haikufika.

Msimulizi wa riwaya ni Kazimoto, kijana msomi anayerudi kwao katika kanda ya Ziwa. Rafiki yake wa utotoni, Manase, ndiye chanzo cha msiba uliomwangusha Rukia, dada yake Kazimoto. Baadaye Kazimoto anamwoa Sabina, dada yake Manase. Mtoto wa Manase mwenye kichwa kikubwa anatangulia kutokea katika hadithi. Kwa hiyo Sabina apatapo mimba, msomaji anangoja kwa moyo mzito. Hapa ndipo ulipo ufundi wa taharuki: mwandishi hatutishi kwa mzimu wala kwa jambazi, bali kwa kitanda cha uzazi. Mtoto anazaliwa na kichwa kama kile, anakufa, na Kazimoto anajiua.

Wahakiki wengi wamekisoma kichwa hicho kama ishara ya elimu iliyokua ikauacha utu nyuma. Hatupingani nao. Lakini tunauliza: ishara hiyo ilibebwa na tumbo la nani? Kwa kuwa habari yote imesimuliwa na Kazimoto, uchungu wa Sabina tunaupata kwa kuazimwa. Baba anapewa falsafa, mama anabakiwa na machozi. Hata katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, riwaya iliyokatazwa shuleni kwa muda, Regina, mke wa Zakaria, ni mama anayepigwa na kuvumilia kuliko anayesema. Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Riwaya zetu zimemsikiliza zaidi mzazi mmoja.

Upungufu huu si jambo dogo kwa msomaji wa Shinyanga au Geita. Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, aliandika juu ya watu wa Ziwa hilo hilo. Katika nchi hiyo ya pamba, ng'ombe na dhahabu, ugonjwa wa mtoto umepata mara nyingi kutafutiwa mchawi. Vikongwe wenye macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi, wameuawa kwa tuhuma hizo. Ni akina mama waliolea, wakageuzwa kuwa adui wa watoto. Tena, imani kwamba viungo vya watu wenye ualbino huleta bahati machimboni na ziwani imewafanya wazazi waogope hata usiku. Mwezi Februari 2015, wilayani Chato, mkoani Geita, mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa kutoka kwa mama yake, naye mama akajeruhiwa vibaya; baadaye mtoto alikutwa ameuawa. Huko Buhangija, Shinyanga, watoto wenye ualbino walikusanywa shuleni wapate usalama. Hivyo mama aliyetaka mwanawe aishi alilazimika kuachana naye.

Taharuki kubwa kuliko hiyo mwandishi ataitafuta wapi? Mama anayesikiliza hatua za miguu nje ya nyumba, asijue kama ni za mgeni au za jamaa aliyeahidiwa fedha, amekwisha kuwa mhusika mkuu wa riwaya. Kilichobaki ni kumpa nafsi ya kwanza, aseme mwenyewe.

Basi tunawashauri walimu wasikifundishe Kichwamaji kama orodha ya dhamira za kukariri. Wawaombe wanafunzi waandike upya sura ya uzazi kwa sauti ya Sabina. Mwanafunzi atakayefanya hivyo kwa uaminifu atagundua kwamba hofu ya mama haitokani na tumbo lake, bali na macho ya jamii yanayomngoja. Naye aliyekwisha kuyaona macho hayo kwa upande wa mama hatakuwa mwepesi wa kumnyoshea kidole bibi kizee wa jirani.