Gogo Tumboni: Gitaa Lipi Umpe Mshiko Wako?

Washikaji wengi wanachagua gitaa la umeme kama wanavyochagua shati: kwa macho. Wanaona tumbo pana, wanaona ile mipasuo miwili yenye umbo la herufi f, basi wanasema, "Hili ndilo lenyewe, la wazee wa jazi." Jamani, lenyewe lipi?

Chukua Gibson ES-335 iliyotoka mwaka 1958, na Epiphone Casino iliyoingia sokoni 1961. Zitundike ukutani, simama mbali kidogo, utaapa ni pacha. Sasa sogea uchungulie ndani ya mpasuo. Casino ni tupu, hewa kutoka ubavu hadi ubavu. Ile 335 imepitishwa gogo la mbao katikati, kutoka shingoni kwenda mkiani, mabavu yake tu ndiyo yameachwa wazi. Ubishi wote uko hapo, gizani.

Gogo la nini? Gitaa tupu lina tabia ya ngoma, uso wake unatetemeka. Fungua amplifaya sana ukiwa karibu nayo: sauti ya spika inarudi kuutikisa uso, nyuzi zinatikisika nao, pikapu, yaani ile sumaku chini ya nyuzi, inadaka, spika inatoa zaidi. Mara ukumbi mzima unasikia mvumo, watu wanaziba masikio. Charlie Christian alipopiga ES-150, gitaa tupu la mwaka 1936, amplifaya zilikuwa za nguvu ndogo. Bendi zilipozidi kupaza sauti, gogo likawa dawa.

Ila kila dawa na uchungu wake. Katika gitaa tupu noti inachomoza haraka, inajaa hewa, halafu inakufa mapema. Ndiyo raha yake. Lenye gogo linaishikilia noti muda mrefu, linaivuta, lakini ile pumzi inapungua. Kwa hiyo wanaoliita "nusu gitaa" wanalionea. Limepewa kazi nyingine, limeifanya.

Muulize B.B. King. Septemba 1974 alipiga Kinshasa, kwenye tamasha kubwa la muziki, uwanjani mbele ya maelfu. Gitaa lake Lucille lilikuwa la ukoo huohuo wa 335. Mwaka 1980 Gibson walipotoa rasmi gitaa la jina hilo, mipasuo ya f haikuwepo kabisa, uso umezibwa ili mvumo upungue zaidi. Ule urembo tunaoununua kwa macho, mwenyewe aliukubali uende. Huo kwangu ndio uhakiki: sikio kulihukumu jicho.

Lakini usikimbilie kusema gitaa tupu ni la chumbani. Januari 1969 John Lennon alipanda juu ya paa jijini London na wenzake wa The Beatles, mkononi ana Casino. Tupu, na bendi yenye ngoma nyuma yake, na likaitika. Mpigaji akijua asimame wapi na sauti aifungue kiasi gani, mvumo unatulia. Asiyejua, hata gogo halimwokoi.

Sasa hukumu. Kama una hela ya gitaa moja tu, bendi yenu ina ngoma, jukwaa ni finyu na amplifaya iko mgongoni, chukua lenye gogo. Kama mko wawili watatu, au kazi yako ni kurekodi, au unaipenda noti inayozaliwa na kufa bila kelele, chukua tupu, ujifunze kukaa mbali na spika.

Na kabla hujatoa mshiko, gonga uso wa gitaa kwa kidole, taratibu, katikati ya pikapu mbili. Lenye gogo litajibu kama mlango, tupu litajibu kama ngoma. Kisha omba amplifaya ifunguliwe mpaka pale bendi yenu inapofika, siyo pale muuza duka anapopenda. Atanuna. Mwache anune, hela ni yako.

Sisi tunaoandika tunalijua jambo hili. Jalada bomba halijawahi kuiokoa hadithi isiyo na kitu ndani. Gitaa nalo lisomwe hivyohivyo, kuanzia tumboni.