Tashihisi Umeitaja, Halafu?

Muhula wa tatu ukianza, ubao wa Kidato cha Nne hapa Machakos hujaa orodha ileile: tashbihi, sitiari, tashihisi, chuku, kinaya, chini yake nomino, kielezi, kihusishi. Kipindi ni cha Kiingereza, kwa hiyo majina yameandikwa kwa Kiingereza, ingawa dhana zenyewe darasa lilishazipata kwa mwalimu wa Kiswahili. Mwalimu anauliza maana, darasa linajibu kwa pamoja, kengele inalia. Marudio ya namna hii huenda haraka na kuzaa kidogo.

Tazama Karatasi ya Pili ya Kiingereza katika mtihani wa KCSE. Ina alama 80: ufahamu 20, dondoo la kitabu teule 25, shairi au masimulizi 20, sarufi 15. Kwenye sarufi, kazi ya mtahiniwa si kueleza kielezi ni nini. Anaambiwa aandike sentensi upya kwa kauli ya kutendwa, ajaze kihusishi kinachofaa, abadilishe umbo la neno lililo kwenye mabano. Istilahi pale ni agizo, na asiyeielewa hukwama kabla ya kuandika lolote. Muda unaokwenda kwenye fasili afadhali upewe sentensi za kugeuza.

Kwenye fasihi mambo ni mazito zaidi. Njia inayofaa ni kuchora safu tatu: jina la tamathali, maneno yenyewe ya mshairi, kisha kazi yanayoifanya. Tuseme mstari unasema jua limelinywa Bwawa la Maruba. Safu ya kwanza, tashihisi. Hiyo ni rahisi. Ya pili, “limelinywa”, kwa alama za kunukuu, si mstari mzima. Ya tatu ndipo wengi huandika kwamba inaleta mvuto, au inamjengea msomaji picha akilini. Jibu hilo linafaa shairi lolote duniani, kwa hiyo halijajibu hili. Kunywa ni tendo la mwenye kiu. Jua likipewa kiu, linageuka mshindani wa watu waliokuja bwawani na mitungi, na ukame unapata wa kulaumiwa. Mwanafunzi aliyefika hapo amesoma shairi.

Chuku, kwa upande wake, haihitaji ubao. Wavulana wanaochongoana nje ya bweni (“ati shamba yenu ni ndogo hadi ng’ombe akitaka kugeuka anaomba jirani ruhusa”) wanaimudu kuliko fasili yoyote. Waulize tu kwa nini wenzao walicheka. Wataeleza kazi ya tamathali bila kujua wameieleza.

KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 inatarajiwa 2027, kwa hiyo bado kuna madarasa ya kurudia hivi. Sharti ni moja: safu ya tatu mwalimu asiijaze yeye. Akiijaza, darasa litainakili na kuikariri, na Novemba kiu ya Maruba itajitokeza chini ya shairi la harusi.