Kura Tatu za 1958 na Shaka ya Kilakala

Asubuhi Kilakala, Morogoro, wingu likiwa bado limekaa juu ya mlima Lupanga, akina mama wa milimani huwa wamekwisha kupita na mikungu ya ndizi na matenga ya mboga kuelekea Soko Kuu la Chifu Kingalu. Naanzia uchambuzi huu nyumbani kwa mjomba wangu, kwa sababu mjomba ana karatasi ambayo wengi wanaozungumzia uchaguzi hawajawahi kuishika. Ni nakala ya Fomu Namba 21B, ile ya matokeo ya ubunge kituoni, aliyopewa Oktoba 2015 alipokuwa wakala wa chama kimoja cha upinzani. Ameihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na hati ya kiwanja na kadi za kliniki za watoto. Wino umefifia, lakini sahihi zinasomeka: ya msimamizi wa kituo, ya kwake, ya wakala wa chama tawala, CCM.

Nilimwuliza kama anaona upinzani utapata kiti cha ubunge hapa mjini mwaka 2030. Alikunja karatasi yake kwanza.

"Mpwa wangu, kura nitapiga. Lakini mbunge siku hizi hatoki kwenye kura yangu."

Kauli kama hiyo utaisikia kwa fundi cherehani, kwa bodaboda na kwa mwalimu mstaafu. Wapo wanaoiita woga, wapo wanaoiita kukata tamaa, na wapo wanaosema Waluguru, wenyeji wa milima hii, si watu wa siasa. Nadhani wote wanakosea. Mjomba anapiga hesabu. Anapima kura yake itapita hatua zipi mpaka igeuke mtu aliyekaa bungeni Dodoma, na anaona ni hatua gani inakwamia. Ili kuielewa hesabu hiyo inafaa kurudi katika uchaguzi mwingine uliopita katika milima hii hii, ambapo chama kilichokuwa nje ya serikali kilikuta shaka nzito kuliko hii, nacho kikaishinda kwa ufundi.

Mwaka 1958 TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru, ilikuwa na umri wa miaka minne. Gavana Edward Twining alikuwa ametengeneza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria kwa namna ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuamini kwamba umetungwa ili TANU ishindwe. Nchi iligawanywa katika majimbo 10, kila jimbo viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu. Watu karibu milioni 9 wa Tanganyika, zaidi ya asilimia 98 wakiwa Waafrika, walipewa theluthi moja ya viti. Kura yenyewe ilikuwa na masharti. Umri usipungue miaka 21, na juu ya hapo uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au uwe umefika darasa la nane, au uwe na cheo kinachotambuliwa. Mkulima wa ndizi wa mlimani aliachwa nje papo hapo. Nchi nzima walioandikishwa hawakufika 60,000.

Kisha ukaja mtego uliowaudhi watu kuliko yote. Mpiga kura alilazimika kuchagua wote watatu. Ukiweka alama kwa Mwafrika peke yake, karatasi nzima imeharibika. United Tanganyika Party, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za serikali, kilitegemea sharti hilo. Hesabu yao ilikuwa kwamba Mwafrika akilazimishwa kumchagua Mzungu na Mwasia, atajikuta amewapa kura watu wa UTP, kwa kuwa TANU haikuwa na wanachama wa rangi hizo.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora kuamua kama ishiriki au isusie. Waliotaka kususia walikuwa na hoja ya maana: ukiingia katika mchezo wa kibaguzi umeubariki. Zuberi Mtemvu hakukubali mkutano ulipoamua kushiriki, akatoka na kuanzisha African National Congress. Julius Nyerere alisimama upande wa kuingia, na uamuzi ule ukapewa jina la Uamuzi wa Busara. Historia yetu huishia hapo kwenye busara. Mimi nataka tuangalie hesabu, maana busara bila hesabu isingepata kiti hata kimoja.

Chukua mfano wa jimbo lenye wapiga kura 3,000, Waafrika 2,000 na waliobaki ni Waasia na Wazungu. UTP ilitazama zile kura tatu za lazima ikaona pingu mkononi mwa Mwafrika. TANU ilizitazama ikaona kitu kingine: wale Waafrika 2,000 ndio watakaomchagua pia Mzungu, na ndio watakaomchagua pia Mwasia. Kinachohitajika ni chama kupata Mzungu mmoja na Mwasia mmoja wanaokubaliana na msimamo wake, kisha kuhakikisha kila mfuasi anayajua majina yote matatu kabla hajaingia kituoni. Watu kama Derek Bryceson na Amir Jamal waliingia Barazani kwa njia hiyo. Jamal baadaye akawa mbunge wa Morogoro kwa miaka mingi. Lililowekwa liwe kizuizi likawa ngazi.

Ugumu wake ulikuwa katika utekelezaji. Chama kilipaswa kumfundisha mtu aliyechukia kumpigia Mzungu kura kwamba asipofanya hivyo atakuwa ameua kura yake mwenyewe. Mafunzo hayo yalipita mtu kwa mtu, nyumba kwa nyumba, kupitia matawi na kadi.

Huku kwetu kulikuwa na jambo la ziada. Jimbo la Mashariki, lililokuwa na Uluguru ndani yake, ndilo alilogombea Nyerere mwenyewe katika awamu ya kwanza, Septemba 1958. Mpinzani wake alikuwa Patrick Kunambi, Mluguru, mtu wa uongozi wa jadi huku, msomi, na tena mmoja wa wale 17 waliokuwapo TANU inazaliwa mwaka 1954. Ukitumia hesabu ya kabila, ile ambayo wachambuzi wengi bado huianzia, Mzanaki kutoka Butiama hakuwa na lake mbele ya mwana wa nyumbani. Na wiki chache kabla ya kura, Agosti 1958, mahakama ilimtia Nyerere hatiani kwa makala ya gazeti la chama iliyowagusa mabwana shauri wawili. Adhabu ilikuwa kifungo cha miezi sita au faini ya shilingi 3,000. Ni kiasi kile kile ambacho Mwafrika alitakiwa awe anakipata kwa mwaka mzima ili ahesabike mpiga kura. Faini ikalipwa.

Nyerere alimshinda Kunambi kwa zaidi ya kura tatu kwa moja.

Kwa nini? Sehemu ya jibu iko katika matuta. Mwaka 1955 serikali ilikuwa ikiwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, kazi ya kuvunja mgongo ambayo wakulima waliona inaharibu udongo wao mwembamba na kuwalia siku za shamba. Julai mwaka huo watu walikusanyika Matombo kukataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na baadaye mpango ukaachwa. Waluguru walikuwa wameona kwa macho yao kwamba amri ya serikali inaweza kurudi nyuma. Kiongozi aliyehusishwa na utawala uliowaamrisha alibeba mzigo huo hadi kwenye sanduku la kura. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema shaka ya leo ni tabia ya watu wa hapa.

UTP haikupata hata kiti kimoja, wala haikudumu baada ya hapo.

Hebu sasa tulinganishe chekeche la kura la zama mbili, za 1958 na za leo. Mwaka 1958 chekeche lilikuwa mwanzoni kabisa, kwenye daftari la wapiga kura. Lilimwacha nje karibu kila mtu. Lakini ukishapenya daftari, jina la mgombea uliyemtaka ulilikuta kwenye karatasi, na kura ilihesabiwa kama ilivyopigwa. TANU ilijua kizuizi kiko wapi, ikakusanya nguvu zake zote kwenye kundi dogo lililopita. Leo daftari liko wazi. Mwaka 2025 lilikuwa na majina zaidi ya milioni 37. Chekeche limehamia mbele, kwenye uteuzi wa wagombea.

Mgombea ubunge anatakiwa kuchukua fomu kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, kupata wadhamini wasiopungua 25 walioandikishwa humo, kulipa dhamana ya shilingi 50,000 na kurudisha fomu kabla ya saa 10 jioni siku ya uteuzi. Baada ya hapo ni mapingamizi. Msimamizi huyo kwa kawaida amekuwa mkurugenzi wa halmashauri, mteule wa Rais. Mei 2019, katika kesi iliyofunguliwa na Bob Chacha Wangwe, Mahakama Kuu ilisema utaratibu huo ni kinyume cha Katiba. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua. Mwezi uliofuata, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, fomu za wagombea wa upinzani zilikataliwa kwa wingi kwa kasoro za ujazaji, CHADEMA na ACT-Wazalendo wakajitoa, na CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Mwaka 2020 wagombea ubunge wa CCM zaidi ya 20 walipita bila kupingwa. Upinzani ulibaki na majimbo mawili tu Tanzania Bara: Nkasi Kaskazini na Mtwara Vijijini.

Mkoa wetu ulikuwa umetoa mfano tofauti kabisa miaka mitano kabla. Mwaka 2015, Morogoro Mjini Abdulaziz Abood wa CCM alishinda tena, lakini Mikumi ilimchagua Joseph Haule, Profesa Jay, Kilombero ikamchagua Peter Lijualikali na Mlimba ikamchagua Susan Kiwanga, wote CHADEMA. Ufundi wa mwaka ule ulifanana na wa 1958. Vyama vya upinzani vya muungano wa UKAWA viliachiana majimbo ili kura za upinzani zisigawanyike, na mawakala kama mjomba waliketi vituoni hadi usiku kusubiri Fomu 21B. Kwa hiyo mtu akisema upinzani hauwezi kushinda mkoa huu, mwonyeshe Mikumi.

Halafu Lijualikali akahamia CCM mwaka 2020, katika mkumbo ule wa wapinzani waliosema wanahama "kuunga mkono juhudi". Kwa mpiga kura wa Kilombero hilo lilikuwa chekeche la pili: hata kura iliyopenya uteuzi, iliyohesabiwa sawasawa na kutoa mbunge, inaweza kuhama na mbunge wake. Hapa upinzani haupaswi kusingizia tume ya uchaguzi. Wagombea wale waliteuliwa na vyama vyenyewe. Na kuna vituo ambavyo wakala hakufika kwa sababu hakuna aliyempa nauli wala chakula. Mjomba anasema yeye alikaa siku nzima kwa maji ya chupa aliyojinunulia. Chama kinachoshindwa kumlisha wakala wake hakiwezi kumlaumu mpiga kura kwa kutokiamini.

Sheria mpya ya uchaguzi ya 2024 ilifuta ushindi wa kupita bila kupingwa. Mgombea akibaki peke yake sasa anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Ni hatua, nami naihesabu. Lakini haigusi swali la kwa nini amebaki peke yake. Kwa swali hilo CHADEMA chini ya Tundu Lissu ilidai mageuzi kwanza. Aprili 2025 Lissu alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, na siku chache baadaye chama kikakataa kusaini kanuni za maadili, Tume ikasema hakitashiriki. Hivyo Oktoba 29 chama kikuu cha upinzani hakikuwa kwenye karatasi. Rais Samia alitangazwa kupata asilimia 97.66, siku zile watu wakafa mitaani, na Rais mwenyewe akawapa pole wafiwa alipolihutubia Bunge Novemba na kusema tume ya uchunguzi inaundwa. Sizitaji siku zile kama kipengele cha takwimu. Hapa mjini nazo bado huzungumzwa kwa sauti ya chini.

Je, Tabora ya 1958 inaihukumu CHADEMA ya 2025 kwa kugoma? Wapo wanaosema hivyo, na wengine walihama chama kwa hoja hiyo. Mimi sioni kama mizani inalingana. Nyerere aliingia kwenye uchaguzi wenye kanuni mbaya ambazo zingeweza kupigiwa hesabu. Alijua karatasi itakuwa na jina lake. Faini ilimpa njia ya kutoka, na gavana mpya, Richard Turnbull, hakutaka kumfanya shujaa wa gerezani. Kosa la uhaini halina faini ya shilingi 3,000. Hata hivyo ninaona hasara ya kugoma pia: ukikosa uchaguzi mmoja, mawakala waliozoea kazi wanazeeka, na kijana anayepiga kura kwa mara ya kwanza hajawahi kuliona jina la chama chako popote.

Nilimweleza mjomba haya yote, jioni, tukiwa barazani. Kwa 1958 alitikisa kichwa kukubali, maana baba yake alikuwa akisimulia habari za matuta. Kisha akaigonga ile karatasi kwa kidole.

"Hapa kwenye kuhesabu nilikuwepo mimi. Nimeona, nimesaini. Ile siku ya kurudisha fomu ya kugombea, wakala wake nani?"

Sheria haimtaji. Vyama vina mtu wa kutazama kura zikihesabiwa kituo kwa kituo, lakini ndani ya ofisi ya msimamizi, saa ile fomu inapokaguliwa, mgombea yuko na fomu yake na afisa mmoja. Uchaguzi ujao wa serikali za mitaa ni 2029, na Kilakala itahitaji wagombea wa mitaa yake kabla ya kufika kwenye ubunge. Mjomba ameniambia kama chama kitamhitaji tena, safari hii anataka kukaa kwenye mlango huo.