Nani Anayerudi? Usawiri wa Watoto Waliohamishwa na Vita katika Filamu ya The Railway Children Return

Sehemu hii inahakiki filamu ya The Railway Children Return (2022), iliyoongozwa na Morgan Matthews. Filamu hiyo ni mwendelezo wa The Railway Children (1970) ya Lionel Jeffries, iliyotokana na riwaya ya E. Nesbit ya mwaka 1906. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba mwendelezo huu unagusa jeraha la kweli, lakini hamu yake ya kurudia utamu wa zamani inaulazimisha kulifunika jeraha hilo mapema mno.

Msuko unaanza mwaka 1944. Lily, Pattie na Ted wanapandishwa treni na mama yao kutoka Salford hadi kijiji cha Oakworth ili waepukane na mabomu. Wanapokewa na Annie, mwalimu mkuu, na mama yake, Bobbie, ambaye ni mhusika wa filamu ya kwanza anayeigizwa tena na Jenny Agutter. Baadaye watoto wanamkuta Abe, askari kijana Mmarekani mweusi, akiwa amejificha katika yadi ya reli. Hapa ndipo filamu ina nguvu: mtoto aliyehifadhiwa anageuka kuwa mwenye kuhifadhi.

Udhaifu unajitokeza katika kilele. Mwaka 1970 watoto walisimamisha treni ili kuzuia ajali. Kwa hiyo mwaka 2022 treni sharti isimamishwe tena. Abe anaokolewa kwa huruma ya jenerali. Ubaguzi uliokwisha kusawiriwa kama mfumo wa jeshi zima unatatuliwa kana kwamba ulikuwa kosa la askari wachache. Fani imeyatawala maudhui.

Mtazamaji wa Njombe anacho kipimo chake cha kuipima filamu hii. Katika vita hivyohivyo, Kidugala, kituo cha misheni ya Kilutheri katika nchi ya Wabena, kilikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na utawala wa Kisovieti kuanzia mwaka 1940, wakapitia Iran, kisha wakaletwa Tanganyika kuanzia mwaka 1942. Hakukuwa na reli ya kuwafikisha huko: TAZARA, inayopita Makambako, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Vita vilipokwisha, makwao wengi wao yalikuwa yamebaki ndani ya mipaka ya Kisovieti. Badala ya kurejea, wengi walihamia Uingereza, Kanada na Australia.

Ulinganisho huu unaibua maswali mawili. La kwanza ni nani anayeweza kurudi. Filamu inachukulia kwamba nyumbani kunamsubiri kila mtoto. Watoto wa Kidugala hawakuwa na hakika hiyo. La pili ni namna mwenyeji anavyokumbukwa. Katika Oakworth, watoto weupe wanampa hifadhi kijana mweusi, nao wanapewa majina, nyuso na sauti. Katika Kidugala, watoto weupe walihifadhiwa katika ardhi ya Waafrika waliokuwa wenyewe chini ya ukoloni. Msanii atakayeisimulia kambi hiyo akiwafanya Wabena kuwa mandhari tu atakuwa amerudia kosa la filamu hii: kumbukumbu yenye faraja, ambayo haijamuuliza mwenyeji anakumbuka nini.