Jina Bila Kaburi: Kusoma Umbo la Mazimbu

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vijiji vingi vya Scotland vilijenga minara ya kumbukumbu, mingine juu ya vilima. Vijana wengi walizikwa ugenini. Kijijini yalirudi majina tu, yakachongwa kwenye jiwe. Mazimbu, jirani na Mafiga hapa Morogoro, jamii nyingine ndogo ilifikwa na msiba wa aina hiyo, ikachagua umbo tofauti kabisa.

Wanachama wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, waliokuwa uhamishoni walipewa na serikali ya Tanzania shamba la zamani la mkonge, wakaanza kujenga shule. Tarehe 6 Aprili 1979 utawala wa makaburu ukamnyonga mpiganaji wao Solomon Mahlangu mjini Pretoria, akiwa na miaka 22. Mwili ulizikwa Afrika Kusini. Jina likapewa shule ya Mazimbu.

Umbo hilo lina hoja yake. Mnara humtaka mtu asimame, ainue macho, ainamishe kichwa, kisha aende zake. Shule humtaka aingie, akae, ahangaike na hesabu. Karakana ya samani nayo ilipewa jina la Vuyisile Mini, mwanaharakati wa vyama vya wafanyakazi aliyenyongwa mwaka 1964. Fundi aliyepiga randa ubao mle alimuenzi Mini kwa kazi ya mikono, na kiti kilichokamilika kikapata wa kukikalia. Kituo cha watoto kikaitwa Charlotte Maxeke, kwa jina la mwanaharakati wa haki za wanawake. Majina ya marehemu hayakupangwa kwenye orodha moja. Yaligawiwa milango ya kazi, kila moja na jukumu lake kwa walio hai.

Udhaifu wake nao ni mkubwa. Jiwe la kumbukumbu hubeba maelezo yake lenyewe. Jengo la shule hutegemea mtu wa kusimulia. Mwaka 1992 ANC ilikabidhi majengo kwa Tanzania, na leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Jina linalotajwa kila siku huzoeleka, na likishazoeleka halimshtui mtu tena.

Hata hivyo naliona umbo la Mazimbu kuwa bora kuliko mnara, kwa sharti moja: kila mwanafunzi anayeingia pale afundishwe Mahlangu alikuwa nani na aliuawa kwa nini. Umbo hili lilijengwa kwa ajili ya kufundisha. Tukiacha kufundisha, tumelibomoa kuta zikiwa zimesimama.