Kujua Pa Kula Unguja

Kujua pa kula katika mji wa watu ni ufundi, tena ufundi wenye adabu zake. Mgeni anayeshuka botini Malindi Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili mchana ana milo sita tu Unguja. Akikosea mitatu, nusu ya safari imekwenda na haitarudi.

Chombo cha kwanza cha ufundi huu ni salamu. Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni mji wa mabaraza: kando ya nyumba nyingi kuna kikalio cha mawe, na juu yake hakosi mtu. Wasafiri wa zamani walikuwa wakisimama hapo, wanamwamkia mzee, wanajibu habari za huko watokako, ndipo wanauliza. Hata swali lenyewe lilikuwa na namna yake. Anayeuliza palipo pazuri huelekezwa kwenye meza zenye vitambaa, kwa kuwa mwenyeji hudhani ndiko mgeni atakako. Anayeuliza, “Mzee, mwenyewe hula wapi?” huelekezwa kwingine kabisa, na mara nyingine hushikwa mkono akapelekwa.

Cha pili ni saa. Asubuhi ni supu, chapati, mbaazi za nazi na boflo, na pa kuanzia ni Darajani, kwenye soko lililojengwa mwaka 1904, maana wachuuzi na wachukuzi walioamka alfajiri hawavumilii supu ya maji. Mchana ni wali, biriani, mchuzi wa samaki. Katika mkahawa wa Lukmaan, kule Mkunazini, vyakula huwekwa mbele na mteja huona kabla ya kuagiza. Utaratibu huo una uaminifu ambao picha ya chakula ukutani haiwezi kuwa nao. Mwezi wa Ramadhani milango mingi hufungwa mchana, na mgeni muungwana hupanga siku yake kwa kufuata futari.

Alasiri ni ya urojo, na hapo ndipo mjuzi hujulikana. Rojo hupikwa kwa unga wa ngano na embe mbichi, manjano yakalipa rangi, kisha ndani yake hutiwa viazi, bajia, kachori na mishkaki, na juu chatne, pilipili na chipsi za muhogo. Viungo hivyo kila muuzaji anavyo. Tofauti iko mkononi. Muuzaji hodari huanza na vizito, humwagia rojo likiwa moto, na muhogo huuweka mwisho kabisa, ili kijiko cha kwanza kilie mdomoni na cha mwisho kiwe laini. Uchachu wa rojo lake ni wa embe; ndimu peke yake haiufikii. Tena sufuria yake ni moja, nayo ikikwisha amefunga, hata kama foleni bado imesimama. Mgeni aliyechelewa huambiwa arudi kesho, na ikiwa kesho ndiyo siku ya boti, amekosa. Sufuria inayokwisha ni ushahidi mkubwa kuliko sifa yoyote iliyoandikwa.

Baa ni chache, na nyingi zimo hotelini au ufukweni kwa ajili ya wageni. Anayetaka kukaa na wenyeji jioni asitafute bia, atafute dele la kahawa. Jaws Corner, pale vichochoro vinapokutana, watu hukaa wakanywa kahawa tungu katika vikombe vidogo, kashata pembeni, huku dhumna zikigongwa na siasa ikichambuliwa. Kikombe kimoja hapo hufundisha zaidi ya kitabu cha safari, kwa sharti kwamba mnywaji ana saa nzima ya kukaa.

Magharibi ikiingia, watu huteremka bustani ya Forodhani kula vya kuchoma. Bustani hiyo ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, ikapata taa na njia za mawe. Mjuzi hatazami kofia ndefu nyeupe ya mchomaji, hutazama pweza na samaki wake: kama nyama imekauka na kuchanika kingo, imekwisha kupita motoni zaidi ya mara moja. Huuliza bei kabla ya kuonja, hununua kidogo, huenda meza nyingine.

Siku hizi swali lile la barazani haliulizwi tena. Mgeni hupita mbele ya mabaraza manne macho yakiwa kwenye simu, akihesabu nyota zilizotolewa na watu waliokaa siku mbili kama yeye, naye hufika palipojaa wenziwe, ambako pilipili imepunguzwa bila yeye kuombwa ruhusa. Mzee wa barazani, aliyejua sufuria ya nani inakwisha mapema, hubaki na jibu lake.

Mlo wa mwisho ni ule wa kubeba: mkate wa ufuta wa njiani na halua ya nyumbani. Halua ilikuwa ikifungwa katika vikapu vidogo vya ukili, na harufu ya ukindu ilichanganyika na ya iliki hadi Dar es Salaam, mwendo wa saa mbili hivi baharini. Sasa nyingi huuzwa katika makopo ya plastiki, na kikapu kile mgeni wa leo hajui hata kukiulizia.