Mkono Uliopima Pamba

Jioni moja huko Mkula nilimkuta mzee amekaa chini ya mwembe, kibuyu cha zeze kifuani, anatafuta neno. Wimbo ulishakuwapo, na kisa chake pia: mkulima kapeleka pamba kituoni, karudi na fedha kiduchu. Mzee alikuwa anaimba Kisukuma kwamba mizani ni mwongo. Akasita. Akakaza uzi, akauonja kwa ukucha, akarudia, akasita palepale. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo kichwani akacheka: "Babu, mizani ni chuma tu. Chuma kitadanganyaje?"

Mzee akanyamaza mpaka nikadhani amekasirika. Giza lilikuwa linaingia alipoanza upya. Mizani ilikuwa imetoka. Mahali pake pamekaa mkono. Mkono ndio mwongo. Nilisisimka, na mama wa ndoo hakuwapo kusikia kile ambacho mzaha wake ulikifanya.

Wasukuma humwita mtunzi wa namna hii ningi. Makundi hasimu ya ngoma, Bagika na Bagalu, yaliposhindana uwanjani baada ya mavuno, mshindi alikuwa yule aliyevuta umati mkubwa. Neno legevu lilikukimbizia watu kwa mpinzani, mchana kweupe. Shule gani ya utunzi inayozidi hiyo?

Pale uwanjani ningi hujibu peke yake kwa kila neno, na upweke huo wa mtunzi si wa kijijini tu. Freddie Mercury, mwanaroki aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alikuwa na wenzake watatu katika bendi ya Queen, na wote walitunga. Mwaka 1985 alipotoa albamu ya peke yake, Mr. Bad Guy, nyimbo zote 11 alitunga mwenyewe. Hapo hakuna wa kumsingizia.

Mzee wangu naye alikwenda kurekodi mjini. Alikuta biti imeshapikwa kabla hajafungua mdomo. Zeze, akaambiwa, linakwaruza. Akaingiza sauti nusu saa, akarudi na fleshi mfukoni. Vijana wa studio siwalaumu sana. Walikuwa na foleni mlangoni. Ila jioni nzima ya chini ya mwembe haikuwamo katika hesabu yao.

Juzi nimeusikia wimbo huo kwenye spika ya bodaboda pale Lamadi. Nikamwomba kijana aurudie, nikasogeza sikio. Neno "mkono" halisikiki. Ngoma ya kompyuta imeangukia hapohapo.